Safu, uwanja wa ndani au ghorofa? Kupanga majengo ya shule mpya kabla ya msingi kuchimbwa

Kwa shule ya serikali nchini Tanzania, ramani ya darasa haichorwi kijijini. Huletwa kutoka TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, ikiwa tayari: vipimo vya chumba, mahali pa madirisha, lenta, nondo, kenchi. Kamati ya ujenzi ikishaipokea huona kazi ya kubuni imekwisha, imebaki kutafuta fundi na kununua saruji kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani shule yenyewe kununua vifaa na kuajiri fundi badala ya kumpa kazi mkandarasi. Lakini ramani ile haisemi jengo likae wapi kwenye ekari zenu, litazame upande gani, lifuatane na lipi, na vyoo viwe wapi. Hayo mmeachiwa ninyi, na ndiyo magumu kurekebisha. Bati bovu hung'olewa likawekwa jingine. Darasa lililogeuzwa likatazama machweo litawaunguza watoto mpaka siku litakapobomolewa.

Mfano ninaoutumia hapa ni sekondari ya kata yenye madarasa manane, maabara tatu, jengo la utawala, maktaba na chumba cha TEHAMA, kwa sababu ndiyo inayojengwa sana siku hizi. Shule ya msingi au ya binafsi itatofautiana kwa idadi ya vyumba, lakini maswali ni yale yale.

Ardhi: ukubwa usiwadanganye

Mkipewa maeneo mawili mchague moja, msilinganishe ekari peke yake. Ekari kumi za udongo wa mbuga, ule mweusi unaonata kwenye buti wakati wa masika na kupasuka kiangazi mpaka kidole kinazama kwenye ufa, zinaweza kuwa ghali kuliko ekari sita za changarawe. Udongo huo hufura ukilowa na kusinyaa ukikauka. Jengo lililo juu yake hunyanyuliwa na kushushwa kila mwaka, na kuta huanza kupasuka kwa mshazari kutoka kwenye pembe za madirisha. Dawa ipo: kuchimba udongo mbaya wote na kujaza kifusi kizuri, au kuimarisha msingi kwa mkanda wa zege lenye nondo. Ila dawa hiyo hula fedha ambayo kwenye bajeti imeandikwa "madawati".

Nendeni eneo lenyewe na mzee aliyewahi kulima pale, awaonyeshe maji ya masika hupita wapi. Halafu apimaye apime, bikoni za mpaka zisimikwe, na umiliki wa shule uandikwe kabla tofali la kwanza halijafika. Ni kawaida mgogoro wa mpaka kuzuka baada ya jengo kupendeza.

Jua kwanza, upepo baadaye

Karibu na ikweta jua la mchana huwa juu kichwani, na hilo halina shida: paa hulizuia. Linalosumbua ni jua la chini, la saa moja hadi saa tatu asubuhi na la saa tisa alasiri kuendelea. Hilo huingia chini ya ukingo wa paa, hupenya dirishani na kutua juu ya madaftari. Kwa hiyo jengo refu lilale mashariki–magharibi, madirisha yatazame kaskazini na kusini, na kuta fupi za mwisho zibebe jua la asubuhi na la jioni zikiwa hazina dirisha hata moja. Ubao uwe kwenye ukuta huo mfupi. Mwanafunzi hatauangalia huku mwanga ukimpiga machoni, na mwanga wa madirisha utaingia kwa pembeni.

Dar es Salaam iko takriban nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo kuanzia Machi hadi mapema Oktoba jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Ndiyo miezi mingi zaidi ya masomo. Baraza likiwekwa upande wa kaskazini linawafaa zaidi watoto kuliko likiwekwa upande unaotazama barabara, ingawa mgeni rasmi atakuja kuzindua na wapiga picha watataka jengo litazame barabara. Mgeni atakaa saa mbili.

Kwa watu wa pwani mpangilio huo una faida ya pili. Kaskazi na kusi, zile pepo zilizoleta na kurudisha majahazi, huvuma kutoka pande hizo hizo mlizofungua madirisha. Bara mambo hubadilika: Dodoma na Singida upepo mwingi hutoka mashariki, na madirisha ya kaskazini na kusini hayaupokei uso kwa uso. Mlazimike kuchagua, jua litangulie. Upepo huingia dirishani hata ukija kwa pembe, na jengo linaweza kugeuzwa kidogo tu ili kuukaribisha. Jua la saa kumi halina mapatano.

Safu

Darasa la mita 7 kwa 9 ni la kawaida. Madarasa manane yakiunganishwa mfululizo ni jengo la mita 72, refu mno kwa ardhi nyingi yenye mteremko. Msingi wa upande mmoja utakuwa goti na wa upande wa pili utampita mtu kimo. Bora safu mbili za madarasa manne, au hata nne za mawili mawili zikifuata mwinuko wa ardhi kama ngazi.

Nguvu ya safu ni mbili. Kwanza, kila darasa linapata upande mzuri. Hakuna mtoto anayepewa chumba cha jua kwa sababu tu jina lake liko mkondo C. Pili, safu huongezeka. Mnaacha ukuta wa mwisho bila chochote mbele yake, na fedha ikija mnaendelea.

Msilichukulie hilo la kuongezeka kwa wepesi. Mtaala mpya wa Tanzania ulioanza Januari 2024 unafupisha elimu ya msingi kuwa miaka sita, na matokeo yake ni kwamba Januari 2028 watoto wanaomaliza darasa la sita na wanaomaliza la saba wanatarajiwa kuingia kidato cha kwanza kwa pamoja. Shule inayopangwa leo bila nafasi ya kuongeza madarasa itawasomesha hao chini ya mwembe. Kenya wameshayaona: mwaka 2023 gredi ya saba ilipowekwa ndani ya shule za msingi, shule zilizokuwa zimebana majengo yake zilianza kutafuta mahali pa maabara kwenye kiwanja cha mpira.

Udhaifu wa safu ni usimamizi. Darasa la mwisho kwenye safu ya nyuma halionekani kutoka ofisini, na wanafunzi hulijua hilo wiki ya kwanza. Walimu nao hutembea sana. Safu zikikaribiana mno, sauti ya mwalimu wa historia inasikika vizuri zaidi kwa waliokaa kwenye kipindi cha hesabu. Mimi nisingekubali chini ya mita kumi kati ya safu na safu. Kumi na mbili ni bora, na hapo miti inapata nafasi.

Uwanja wa ndani

Hapa majengo yanazunguka uwanja kwa umbo la U: madarasa pande mbili, utawala upande wa tatu, mlingoti wa bendera na mstarini katikati. Wazazi hulipenda umbo hili na naelewa kwa nini. Linaonekana shule. Mkuu akisimama mlangoni kwake anaona kila mlango, na mgeni hawezi kufika darasani bila kupita mbele ya macho ya watu. Kwa shule ya msingi yenye watoto wa awali, ulinzi huo una thamani kubwa, pengine kuliko hoja nyingine zote.

Gharama yake iko kwenye mikono ya U. Kama mgongo wa umbo umelala vizuri mashariki–magharibi, mikono yote miwili lazima itazame mashariki au magharibi. Ukipanga madarasa huko umerudi kwenye jua la saa kumi. Kinachofaa ni kuijaza mikono kwa vyumba visivyokaliwa na watu wengi kwa muda mrefu: stoo, jiko, ofisi, chumba cha mikutano. Lakini shule ya madarasa manane haina stoo za kutosha kujaza mikono miwili, ndiyo maana mara nyingi U hubomoka kwenye mahesabu na kuwa L. L ni umbo zuri. Linabaki na sehemu ya usimamizi wa U na linaacha upande mmoja wazi kwa ongezeko.

Kelele pia. Kipindi cha michezo kikifanyika kwenye uwanja ule, kuta tatu zinairudisha sauti madarasani. Na maji: uwanja uliofungwa pande tatu ukiwa na mdomo kwenye upande wa mwinuko ni bwawa. Mdomo wa U utazame mteremko, bila mjadala, hata kama lango lingependeza zaidi upande mwingine.

Ghorofa

Mjini swali hujijibu. Ukiwa na nusu ekari Temeke au Mjini Magharibi, hakuna safu itakayokutosha, na Zanzibar kwa miaka ya karibuni imejenga shule za ghorofa Unguja na Pemba ili kupunguza watoto wanaosoma kwa zamu. Ghorofa pia linakinga upepo usizibwe na nyumba za jirani, na vyumba vya juu hupata mwanga mzuri.

Kwenye kata yenye ekari sita, ghorofa ni anasa inayovaa nguo za maendeleo. Linataka mhandisi, nguzo, mihimili, jamvi la juu na ngazi, vitu ambavyo nguvu kazi ya wananchi haiwezi kuvibeba. Halijengwi vipande vipande pia. Mwaka 2021, kwenye mradi wa madarasa 15,000 uliotokana na fedha za UVIKO-19, darasa moja lilitengewa Sh milioni 20, na kijiji kilichopata madarasa mawili kilijenga mawili yakatumika. Ukipata fedha ya robo ya ghorofa unabaki na nguzo zenye nondo zilizochomoza, zinaota kutu zikingoja bajeti ijayo.

Halafu kuna ngazi. Februari 2020, kwenye shule ya msingi mjini Kakamega, zaidi ya watoto kumi walikufa kwa kukanyagana kwenye ngazi walipokuwa wakitoka darasani jioni. Jengo halikuporomoka wala kuungua. Watoto wengi walishuka kwa wakati mmoja, basi. Shule ya ghorofa iwe na ngazi mbili, moja kila mwisho wa jengo, pana, zenye mwanga na vishikio pande zote, na ratiba isiyoyaachia madarasa yote ya juu kwa kengele moja. Mchoraji akiwaambia ngazi moja inatosha kwa kuwa wanafunzi ni wachache, mwulizeni watakuwa wangapi mwaka 2028.

Mwanafunzi wa kiti cha magurudumu naye afikiriwe kabla ya kuchora. Kipimo kinachotumika kwa njia ya mteremko ni kupanda mita moja kwa kila mita 12 za urefu. Ghorofa ya kwanza ikiwa mita 3.3 kutoka chini, njia hiyo itakuwa karibu mita 40, bila kuhesabu vituo vya kupumzikia. Shule chache zitaijenga. Kwa hiyo, kama mnajenga ghorofa, maabara, maktaba na ofisi ya mkuu vikae chini, na vyumba vya chini vitoshe darasa lolote linaloweza kuhitaji kuhamishwa.

Kuta

Hapa watu hubishana sana kuliko inavyostahili. Aina zote tatu za tofali zimejenga shule nzuri na zote zimejenga shule mbovu.

| | Tofali za kuchoma | Tofali za saruji | Tofali za kufungamana |
|---|---|---|---|
| Zinataka nini | Mfinyanzi, maji, kuni nyingi | Mchanga safi, saruji, gari la kubeba | Udongo mwekundu wenye kichanga, saruji kidogo, mashine ya kushindilia |
| Zinapoharibika | Tanuri halikuiva. Vipimo havilingani, udongo wa kujengea unakuwa mnene | Saruji imeibwa. Hazikumwagiliwa maji | Udongo haukujaribiwa. Mstari wa kwanza haukunyooka |
| Lipu | Si lazima nje | Ni lazima kwa kawaida | Si lazima |
| Zinafaa wapi | Nyanda za juu zenye fundi wake | Pwani na mjini | Mahali penye udongo mzuri na usimamizi wa karibu |

Jaribio la tofali la saruji halihitaji maabara. Lishike kwa mikono miwili, liangushe ardhini kutoka kifuani. Likipasuka vipande viwili, mnaweza kuzungumza na muuzaji. Likigeuka mchanga, mrudishieni gari lake lote.

Paa, na somo la Gando

Bati lisilo na kitu chini yake huleta mateso mawili: joto la saa nane, na mvua inayomnyamazisha mwalimu. Silingibodi hupunguza yote mawili, lakini huwapa popo nyumba. Baada ya misimu miwili kuna madoa ya kahawia kwenye dari na harufu ambayo hakuna chaki inayoishinda. Wavu wa chuma kwenye kila tundu la hewa na kwenye nafasi kati ya ukuta na bati ni kazi ya siku moja fundi akiwa bado juu. Baada ya hapo ni kazi isiyofanyika.

Njia nyingine ni ile iliyomfanya mbunifu Francis Kéré ajulikane. Shule ya msingi aliyoijenga kijijini kwao Gando, Burkina Faso, na kukamilika mwaka 2001, ina dari ya matofali ya udongo yaliyochanganywa na saruji, na juu yake bati lililonyanyuliwa kwenye fremu ya vyuma. Upepo hupita katikati, hewa ya moto hutoka kupitia matundu ya dari, na bati halimgusi mtu. Shule hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo mwaka 2004, na mwaka 2022 Kéré mwenyewe akapewa Tuzo ya Pritzker. Karibu nasi, Turkana nchini Kenya, alisanifu chuo chenye minara mirefu ya kutolea hewa ya moto, iliyotokana na wazo la vichuguu.

Je, kata ifuate Gando? Kwa ukamilifu, hapana, maana fremu ile inataka mchomeleaji makini na vyuma vingi, na ramani ya TAMISEMI haina nafasi hiyo. Lakini sehemu ya wazo haina gharama kubwa: matundu makubwa juu ya kuta fupi ili hewa ya darini itoke, ukingo wa paa uliotoka nje zaidi, na bati la rangi nyeupe au lisilopakwa rangi badala ya lile jekundu au bluu iliyokolea linalomeza joto. Kati ya geji 28 na geji 30, chukueni 28. Namba ndogo ndiyo nene.

Vyoo na maji

Kiwango cha Tanzania ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Madarasa manane ya wanafunzi 40 ni 320. Wakiwa nusu kwa nusu mnahitaji matundu manane ya wasichana na saba ya wavulana, pamoja na chumba cha wasichana chenye maji, ndoano na mahali pa kuchoma taka za hedhi. Majengo yawe mawili yasiyotazamana. Pwani yakae upande wa magharibi, kwa kuwa kaskazi hutoka kaskazini mashariki na kusi hutoka kusini, na kwa pande zote mbili harufu itakwenda mbali na madarasa. Shimo lisikaribie kisima chini ya mita 30.

Choo cha kumwaga maji au cha shimo lenye bomba la hewa? Kama maji hayana uhakika mwaka mzima, shimo. Choo cha kuvuta kisicho na maji ni kibaya kuliko shimo lolote.

Maji mengi zaidi yako juu ya paa. Safu ya madarasa manne yenye baraza, mita 36 kwa 9, ina paa la mita za mraba 324. Mvua ya milimita 20 huangusha hapo lita 6,480. Hata zikipotea lita elfu moja kwenye mifereji, simtanki la lita 5,000 limejaa kwa mvua moja. Tangi likae kwenye mwisho wa safu ulio karibu na maabara, maana kemia bila maji ni somo la kusimuliwa.

Fedha ikitosha nusu

Kwa ekari zaidi ya tatu vijijini chaguo langu ni safu mbili, na utawala umewekwa mwishoni kwa umbo la L ili mkuu aone kati ya safu zote. Kwa shule ya awali na msingi yenye eneo tambarare, U yenye madarasa kwenye mgongo pekee. Chini ya ekari moja mjini, ghorofa moja juu ya chini, ngazi mbili, na msipande zaidi ya hapo kama hamlazimiki.

Awamu ya kwanza iwe madarasa manne, vyoo vyote na tangi. Msigawanye vyoo kwa awamu. Awamu ya pili ya vyoo huwa haiji. Siku fundi anapopiga kamba za safu ya kwanza, apige na za safu ya pili, za maabara na za utawala, muweke vigingi vya zege kwenye pembe zake na kuvichora kwenye karatasi ya ofisi ya kijiji. Miarobaini ipandwe mwaka huo huo upande wa magharibi, mbali na misingi, na maeneo ya maabara yaachwe bila mti, bila shamba la mwalimu na bila kibanda cha mlinzi.